Heko, Nyanya ya Kijani

Kila mwezi wa Juni, Bujora huku Usukumani hujaa vumbi na ngoma. Sikukuu ya Bulabo ikifika, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu huingia uwanjani kushindana, na manju wa kila upande husifu watu wake mpaka sauti inamkauka. Ng'ombe husifiwa. Jembe husifiwa, bugobogobo ni ngoma yake kabisa. Joka lina Bagoyangi wa kucheza nalo shingoni, na hata nungunungu, mnyama asiyeshikika wala kubembelezwa, ana Banunguli, kundi zima la watu wazima waliokubali kubeba jina lake. Nimesubiri miaka nisikie manju mmoja tu akiimba habari za nyanya ya kijani. Wapi. Basi kazi hiyo naibeba mimi, bila njuga miguuni, na sitadai hata soda.

Naanza na mashtaka, maana sifa zisizotaja kosa hunuka rushwa. Wanasema nyanya ya kijani ni ngumu. Kweli. Wanasema ni chachu. Kweli tena. Wanasema ukiitia kwenye dagaa haitoi rojo. Inakaa pembeni ya sufuria imenuna mpaka chakula kinapakuliwa. Kweli tupu. Ila shtaka kubwa ni kwamba haijaiva, na hapo ndipo ninapoomba kesi isikilizwe upya, kwa sababu mji huu wa Mwanza unakula vitu visivyoiva asubuhi mpaka usiku na hakuna anayelalamika. Pilipili hoho ya kijani ni tunda lisiloiva. Bamia ni kichanga. Ngogwe, ndugu wa nyanya wa ukoo mmoja, huliwa ikiwa nyeupe au ya kijani, na ikithubutu kuwa nyekundu inaambiwa imezeeka. Embe bichi linakatwa vipande, linapakwa chumvi na pilipili, na wanafunzi wanaligombania getini. Ndizi za Bukoba zinashushwa kutoka MV Victoria zikiwa kijani kibichi, na Mhaya ukimshauri azisubiri ziive ndipo azipike, atakutazama kwa huruma. Mbona nyanya peke yake ndiyo inayodaiwa wekundu?

Tena huo wekundu wenyewe una siku ngapi? Siku ya kwanza nyanya nyekundu inauzwa kwa sado, imepangwa kwa mbwembwe, inang'aa. Ya pili inauzwa kwa fungu. Ikifika ya tatu au ya nne inaitwa masalo, na inazolewa kwa bei ya kutupa ili ikafie kwenye rosti ambayo mlaji hataiona sura. Nyanya ya kijani muda huo wote iko palepale ilipowekwa, kavu, ngumu, haijatoa hata tone. Ikae wiki nzima, na ya pili ikijaliwa, ndipo itaanza kufikiria kubadilika rangi, na hapo ukitaka kuiharakisha utalazimika kuifungia mfukoni pamoja na ndizi mbivu, ili gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi iishawishi. Yenyewe haina haraka.

Kwenye safari ndiyo usiseme. Wataalamu wa mbegu pale Tengeru, Arusha, walihangaika kutafuta nyanya yenye ganda gumu la kuvumilia gari na barabara, wakatupatia Tengeru 97. Nawaheshimu. Lakini nyanya yoyote iliyochumwa ikiwa ya kijani ina uvumilivu huo bila shule. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, mtu wa Sengerema aliyekuwa na mzigo alipanga foleni ya kivuko na kulisubiri ziwa limpe nafasi. Dereva alilalamika, kondakta alilalamika, abiria walipiga simu kulalamika kwa watu ambao hawakuwa na kivuko. Nyanya ya kijani ilikaa ndani ya tenga, kimya. Na tazama tenga lenyewe linavyopangwa: nyekundu juu, zionekane; za kijani chini, zimebeba uzito wa wenzao wote. Sijui mji gani mwingine unawatendea hivyo wachapakazi wake, ila huu naujua.

Kuzinunua ni mtihani, kwa sababu hakuna anayeamini unazitaka. Pale Kirumba nilimsalimia muuzaji, "Mwangaluka, mama," nikamwambia nataka nyanya za kijani. Akanionyesha hoho.

"Siyo hizo, mama. Nyanya. Zile za chini ya tenga."

"Zile bado, baba. Pita Ijumaa."

"Nazitaka hivyo hivyo zilivyo."

Akanitazama, halafu uso ukafunguka. "Aa, kumbe! Mama kijacho ndiye anazitamani? Hongera sana, baba." Akapima, akaniongezea tatu za nyongeza, akanitakia mtoto wa kiume. Sikukanusha. Nyongeza ni nyongeza.

Wapo wanaonong'ona kuwa ina sumu, na mnong'ono huu una umri mkubwa. Kuna sehemu za Ulaya ambako mnyanya ulipandwa bustanini kama pambo tu, watu wakiuogopa kwa sababu ya ndugu zake wenye sifa mbaya. Kinachosemwa ni tomatini, kemikali iliyojaa zaidi kwenye majani na mashina, na ambayo hupungua tunda linapoiva. Majani usile. Vipande vichache vya nyanya ya kijani kwenye mlo havimdhuru mtu mzima wa afya, ingawa mwenye vidonda vya tumbo atakumbushwa usiku kuwa uchachu si mzaha. Shahidi wangu ni kantangaze, yule nondo aliyetoka Amerika Kusini, akapita mabara, akaonekana Tanzania mwaka 2014. Buu wake hasubiri wekundu. Anaitoboa nyanya ingali ya kijani na kujichimbia ndani. Mkulima ana kila haki ya kumlaani, lakini huwezi kusema mdudu huyo hajui kuchagua.

Wamarekani nao wanajua. Mwaka 1987 Fannie Flagg alitoa riwaya iliyobeba nyanya za kijani za kukaanga kwenye jina lake, mwaka 1991 ikawa filamu, na tangu hapo chakula hicho kina heshima ya nyota wa sinema. Sisi filamu iliyotutangaza duniani ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ambayo ilikwenda kuonyesha mapanki yetu, yale mabaki ya samaki, yakiwa juani, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani. Kila mji na bahati yake.

Sasa jikoni. Chagua nyanya iliyokomaa lakini haijaanza kubadilika rangi, siyo kichanga. Namna ya kujua ni kukata moja: kisu kikipita na mbegu zikateleza pembeni ndani ya ute, imekomaa, kisu kikizikata mbegu katikati, iliibwa shambani kabla ya siku zake na hata kuiva isingeiva. Kata vipande vya mviringo, unene wa nusu sentimeta. Nyunyiza chumvi, viache robo saa. Utaona matone yanajitokeza juu ya kila kipande, kwanza kwenye ute wa mbegu, halafu kwenye nyama yote, mpaka ubao unalowa. Vifute kwa kitambaa. Usipovifuta unga utageuka uji na mafuta yatakurukia, na kwa hilo utailaumu nyanya bure.

Chovya kwenye yai lililopigwa, kisha kwenye unga. Wengine hutumia ngano. Mimi nasema dona, tena la kusaga kwa mashine ya mtaani, lenye chembechembe, na pilipili manga kidogo. Mafuta ya pamba yanafaa sana, na ni aibu kukaangia kitu kingine katika mkoa uliolima pamba miaka yote hii. Yapate moto sawasawa, yafike nusu ya unene wa kipande tu. Dakika mbili au tatu kila upande. Ganda linakuwa rangi ya dhahabu, na ukikitoboa kwa uma, ndani kijani cha mwanzo kimefifia kikawa cha manjano hafifu, laini, lakini kipande bado kimesimama. Jaribu hivyo na nyanya nyekundu. Itakuachia ganda mkononi na supu kwenye kikaango.

Uchachu huo unaomba mwenzake, na mwenzake ni jibini mbichi. Najua Usukumani maziwa yana njia zake mbili, kuwa mgando au kuwa samli, na jibini haimo. Jamaa zetu wenye asili ya India hapa mjini ndio wenye paniri jikoni, na namna yao haihitaji kiwanda. Chemsha lita 2 za maziwa mpaka yapande, punguza moto, mimina maji ya limao kijiko kimoja kimoja huku unakoroga taratibu. Ghafla yatakatika. Asubuhi ya chai, maziwa yakikatika nyumba nzima inapata msiba. Hapa umeyakatisha mwenyewe na unatakiwa ufurahi. Mabonge meupe yanajikusanya upande mmoja, maji ya kijani-manjano upande mwingine. Asidi ya limao ndiyo inayoifanya protini kushikamana na kuyanasa mafuta, na kule kuchemka kumeondoa vimelea ambavyo maziwa mabichi hupenda kukuletea.

Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, suuza kwa maji baridi ili limao lisitawale, tia chumvi, funga, gandamiza kwa jiwe. Mwanza hatujawahi kupungukiwa mawe. Saa moja inatosha kwa jibini ya kumeguka. Lita 2 za maziwa ya kweli hutoa gramu 300 mpaka 400. Ukiambulia kiganja kimoja, muulize aliyekuuzia ameyabatizia wapi. Yale maji usimwage, kandia unga wa chapati.

Hapo ndipo ninapoona haki inatendeka. Huyu mmoja alikataliwa kwa kuwa hajafika wakati wake, yule mwingine ni maziwa ambayo nyumba yoyote ya heshima ingesema yameharibika, na sinia moja linawapokea wote wawili. Tandaza majani ya giligilani na kitunguu kilichokatwa pete nyembamba na kuoshwa kwa chumvi. Panga vipande vya nyanya vikiwa bado vya moto, megea jibini juu yake ili ilainike pembeni, malizia na pilipili mbuzi iliyokatwa ndogo ndogo. Siki usitie. Nyanya yenyewe imekuja na siki yake kutoka shambani.

Mgeni akija usimweleze ni nini. Mwanza, chochote chenye unga wa dhahabu juu huhesabiwa samaki mpaka kithibitishwe vinginevyo. Shemeji yangu alimaliza nusu ya sinia, akasifu minofu, akataka kujua kama ni sato wa Ukerewe au wa vizimba. Nikamjibu kwamba huyu hana mwiba. Akafurahi, akaacha elfu ishirini mezani nimchukulie kilo mbili nikipita soko la samaki la Mwaloni. Hela bado ninayo.