Gari Linalopona Mbele ya Fundi

Gari lisilopiga stata kabisa ni mgonjwa mwenye adabu: limelala, haliendi popote, fundi atalikuta. Tabu ni lile linalogoma asubuhi mbele ya abiria, likapona adhuhuri mbele ya fundi. Pale Mantapala, makazi ya Nchelenge, Zambia, yaliyofunguliwa 2018 kwa wakimbizi wa Kongo, gari la kwenda soko la Kashikishi likinyamaza tu, kila aliye karibu hugeuka fundi umeme. Huyu anataka lisukumwe, yule anatafuta jiwe, na wa tatu anaapa kuwa ni betri. Mimi nashikilia kwamba ugonjwa wa kuja na kuondoka mara nyingi ni mguso mbovu wa waya, na mguso huanza kutafutwa kwa spana namba 10, si kwa pochi.

Stata ni mlafi. Mara nyingi hudai zaidi ya ampea 100, ilhali taa za dashibodi hushiba kwa kidogo mno. Ndiyo maana kichwa cha betri kilicholegea na kuota unga wa kijani huwasha taa na redio ikaimba, lakini ukigeuza ufunguo kinakunyima. Ni mrija: kikombe utajaza, pipa utakesha. Barabara mbovu ikikitikisa kichwa hicho, mguso hurudi, na gari hujifanya halijawahi kuumwa. Bahati nzuri lina sauti. Likilia “tatatata” huku taa zikififia, anza na betri na waya zake, ule wa bodi usiusahau. Likisema “ta!” moja na taa ziko imara, shuku stata yenyewe. Likinyamaza kimya, na gia ni otomatiki, toa P uweke N ujaribu tena. Huenda swichi ya gia ndiyo mkorofi.

Utaambiwa, “Mbona jirani alinunua betri mpya, gari likapona?” Lilipona, naam, lakini kwa kawaida betri haifungwi bila vichwa kukwanguliwa na kukazwa. Jirani alilipia betri, aliyetibu ni spana. Betri nayo hufa, sikatai. Basi ipimwe kwanza. Iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Jiwe nalo likigongwa kwenye stata huamsha kaboni zilizokwisha, kwa hiyo ni ushahidi, si dawa. Kusukuma? Kwa gari la gia za mkono, sawa. La otomatiki mtafanya mazoezi ya viungo tu.

Mwenye samaki wa Ziwa Mweru juani atasema hana muda wa uchunguzi. Lakini kutazama taa, kusikiliza sauti na kutikisa vichwa vya betri ni kazi fupi kuliko kukusanya wasukumaji na kuwatafutia soda. Zaidi ya hapo, likigoma ndilo liko tayari kusema ukweli. Likishawaka, fundi hana la kuliuliza.