Nitoshe, Nisitoshe?

Bunia, Ituri

Shemeji yangu, na wote wa barazani Makorora, Tanga,

Huku ni baridi. Msicheke. Mkisikia Kongo mnafikiria joto na misitu tu, lakini Bunia ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na alfajiri natoka na sweta kama mtu wa Lushoto. Ujumbe wako nimeupata. Unasema Corolla yangu niliyokuachia haiwaki. Ukizungusha ufunguo inalia "tek" mara moja, kisha inanyamaza kama mtu aliyenuna. Na fundi wa mtaani amekwambia injini imekufa, itafutwe nyingine. Shemeji, usimpe huyo fundi hata shilingi moja. Vuta mkeka, nikupe kwanza kisa kilichonipata hapa, maana hicho ndicho kitakachokufundisha kuiwasha hiyo Corolla.

Njia niliyopita unaijua: Mutukula, Kampala, daraja la Pakwach juu ya Nile, Nebbi, halafu mpaka wa Goli. Ukivuka hapo ukaingia Mahagi, barabara inakugeuka. Uganda huendesha kushoto kama sisi, Kongo huendesha kulia. Hakuna wa kukushika mkono, ni wewe na Mola wako. Na magari mengi ya huku yameingilia upande wa Uganda, stelingi ziko kulia kama zetu. Basi dereva unakaa upande wa mtaro, na anayeona kinachokuja mbele ni abiria wako. Ukitaka kupita gari lingine, sharti umwombe yeye macho.

Siku ya kwanza ya kuendesha huku, macho yangu yalikuwa mama mmoja niliyempa lifti, na kuku wake ndani ya kikapu. Mbele yetu pikipiki ya mizigo, inatambaa. Nikamuuliza, "Mama, kuna gari linakuja?" Akachungulia. "Hapana mutuka, papa. Iko kamio." Mutuka nililielewa mara moja, ni motokaa ya babu zetu hiyo. Hapana mutuka! Nikachomoka. Nilipokuja kujua kwamba kamio ni lori, lori lenyewe lilikuwa limeshanionyesha meno ya grili yake. Nilirudi nyuma ya pikipiki sijui kwa gia gani. Mama akanitazama kwa huruma. "Si nilikuambia?"

Na kweli aliniambia. Huo ndio ugonjwa wa hapa, shemeji: kila kitu unaambiwa, tena kwa Kiswahili. Ofisini kwetu hapa, siku ya kukabidhiwa Land Cruiser ya kazi, yule dada wa mapokezi alinitazama akasema, "Unaweza kukamata mutuka." Nikauliza limefanya kosa gani. Kumbe kukamata huku ni kuchukua tu. Unakamata kiti, unakamata chai, unakamata njia ya Komanda.

Sisi wa pwani tukija huku huwa tunavimba kichwa kidogo. Tunajiona wenye lugha. Wazanzibari waliokuja na msafara wa Stanley walipenya msitu wa Ituri, wakafika Ziwa Albert Desemba 1887, na wafanyabiashara wa Tippu Tip walikuwa wameshaingia nchi za huku kabla yao. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa hapa Kongo. Mimi nilidhani nimekuja kuangalia mali yetu inatunzwaje. Nikaipeleka Land Cruiser gereji.

Gereji yenyewe siitaji, na mwenyewe ni fundi mzuri, Mungu shahidi. Breki zilikuwa zinalia. Fundi akainua boneti aone na mengine, akachungulia, akaniuliza:

"Patro, mafuta nitoshe?"

Nikaona Kiswahili kimemteleza kidogo, anataka kujua kama oili inatosha. Nikamjibu kwa upole, kama mwalimu, "Yanatosha, ndugu yangu."

"Yote?"

"Yote yanatosha."

Nikaenda zangu kunywa chai na mandazi. Niliporudi, breki zilikuwa tayari, gurudumu la mwisho limefungwa, na aliyekuwepo ni mwanafunzi wa gereji tu, mtoto wa miaka kama kumi na sita. Fundi mkuu ametoka na pikipiki. Mtoto akanipa ufunguo. Gari ni safi, breki hazilii, nikapanda.

Sasa, shemeji, unamkumbuka marehemu baba. Hakuturuhusu kugusa swichi kabla ya kuvuta stiki ya oili. Asubuhi, mchana, hata kama gari lilizimwa dakika kumi zilizopita ununue dagaa. Wewe ulikuwa ukimcheka. Basi mkono wangu ulishuka wenyewe. Nikafungua boneti, nikavuta stiki. Kavu. Nikaipangusa, nikairudisha, nikavuta tena. Kavu kama koo la mfungaji saa kumi na moja jioni. Nikainama chini ya gari, nikaona beseni, na ndani yake lita tisa na zaidi za oili zimetulia, zinanitazama kwa macho meusi.

Ningewasha ile injini, pampu ingevuta hewa, chuma kingesagana na chuma, bering zingeyeyuka, na ningesikia mlio ambao dereva husikia mara moja katika maisha na hausahau. Injini ya silinda sita ingenoki kwa dakika chache tu za kiburi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu unatetemeka.

Fundi akarudi na madumu ya oili mpya kwenye pikipiki. Nikamwakia. Yeye akashangaa kweli. "Si wewe mwenyewe ulisema nitoshe yote?"

"Nilisema yanatosha!"

"Ndiyo. Na nilitosha."

Watu wakajaa, maana ugomvi wa bure una wateja kila nchi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kuzibiwa pancha akaomba aamue. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga. Akatafakari, kisha akauliza kwa heshima zote, "Kule nako banasema Kiswahili?"

Shemeji, nilikosa pa kuweka uso. Nikamweleza kwamba kwetu kutosha ni kuwa ya kiasi, na kitu ukikiondoa ndani unakitoa. Mzee akatikisa kichwa. Mtoto akiamka peke yake, sawa. Ukimfanya aamke, umemfanya nini? Umemwamsha, nikasema. Mti umeanguka, mwenye shoka amefanya nini? Ameuangusha. Moto unawaka, wewe umefanya nini? Nimeuwasha. "Sasa mafuta inatoka," akasema, akaelekeza kidole kwenye beseni, "ni nani aliifanya itoke? Huyu. Alifanya nini?"

Nikanyamaza. Umati ukajibu kwa sauti moja: "Aliitosha!"

Nimelala na jambo hilo siku tatu na sijapata jibu. Sarufi yote iko upande wao. Ikiwa anguka inazaa angusha, na waka inazaa washa, kwa nini toka isizae tosha? Mkipita kwa yule mwalimu mstaafu wa Chumbageni mwulizeni, na msimwambie kwamba swali linatoka kwangu.

Oili mpya nililipa mimi, ingawa ile ya zamani ilikuwa bado na kilomita zaidi ya elfu mbili mbele yake. Hapo tena tukakwama, kwa kuwa noti yangu ya dola ilikuwa na mpasuko wa upana wa kucha. Huku dola iliyochanika ni karatasi. Ikabidi mzee yuleyule anikopeshe faranga.

Tangu siku ile utaratibu wangu wa asubuhi umekuwa ibada, na majirani hutoka kuutazama. Gari liwe mahali tambarare, injini baridi. Stiki ya oili. Maji ya rejeta, ambayo kifuniko chake hakiguswi injini ikiwa ya moto, hata aje nani. Mikanda. Halafu naangalia kichujio cha dizeli, kwa sababu barabarani mafuta huuzwa kwenye madumu na chupa na vijana wanaoitwa Kadafi, na humo ndani mara nyingine kuna maji yanayojipatia safari ya bure. Chini ya kichujio kuna kizibo cha kuyaachia. Kisha handibreki, gia huru, mguu kwenye klachi, nageuza ufunguo nusu na kusubiri taa ile ya koili izimike, maana dizeli katika baridi hii inataka ipashwe kwanza. Ikizimika, napiga stata, si zaidi ya sekunde kumi. Haikuwaka, napumzika, nayo inapumzika. Wale wanaokaa juu ya stata kama wanakamua ng'ombe ndio wanaozikwa na betri zao.

Vumbi la huku sitalisimulia lote. Ni jekundu, laini kama bizari, na linaingia hata kwenye mkate uliofungwa. Niliporudi kutoka Mongbwalu, niligonga filta ya hewa chini ikatoka nusu kibaba. Filta hiyo hupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kinyume unalisukuma vumbi likae vizuri zaidi. Na kijana mmoja wa kuosha magari karibu anifanye mjane wa Land Cruiser: alifungua boneti na kuinua ndoo nzima ya maji baridi juu ya injini iliyotoka kupanda milima. Nilimdaka mkono hewani. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, na altaneta haipendi kuoga. "Natosha vumbi, papa," akaniambia. Safari hii nilielewa.

Haya, Corolla.

Hiyo "tek" moja siyo injini kufa. Mara nyingi ni betri haina nguvu, au vichwa vyake vimechafuka. Washa taa kubwa uzitazame: zikiwa hafifu kama kibatari, umepata jibu. Fungua boneti, na kabla ya lolote lipige kofi kwanza, paka wa mama hulala humo. Utaona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Zima sigara yako. Nasema zima, shemeji, betri hutoa gesi ya haidrojeni na masharubu yako yamechukua miaka ishirini. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugua kwa brashi, maji ya uvuguvugu na magadi soda, kausha. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Ikigoma bado, mwombe jirani mwenye teksi akubustie. Magari yasigusane. Waya mwekundu kwenye chanya ya Corolla, ncha ya pili kwenye chanya ya teksi. Mweusi kwenye hasi ya teksi, na ncha yake ya mwisho usiiweke kwenye betri ya Corolla, ishike kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, ili cheche ikiruka isikute gesi. Teksi ingurume dakika chache, ndipo uwashe.

Lakini kabla ya hayo yote lisukumeni gari litoke bandani. Wasukume wale wanaokunywa kahawa yangu hapo barazani. Usiwashe injini ndani na mlango umefungwa hata kwa dakika moja: monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na humwua mtu akidhani ana usingizi. Ikiwaka, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima wewe. Na ukishaiwasha usiiache ingurume pale nje ukisikiliza redio; ipeleke Pongwe na kurudi ili betri ijae. Pongwe nimesema. Najua unavyoipeleka Raskazone jioni na kuiegesha kando ya maji. Mimi nina vumbi, wewe una chumvi, na chumvi ndiyo inayokula chuma. Ukirudi kutoka huko iogeshe kwa maji baridi ya bomba, hasa chini ya tumbo, na sabuni ya gari, siyo ile ya sufuria.

Stiki ya oili utaivuta kabla ya kuwasha. Usimwulize fundi kama yanatosha. Uvute mwenyewe.

Mwambie dada yako nimeshaacha kukohoa, na sweta la pili likiwezekana alitume na mtu anayekuja Kampala. Mkikwama na Corolla nipigieni, ila mkumbuke tuko nyuma yenu kwa saa moja: ukinipigia saa kumi na moja alfajiri ya Tanga, Bunia ni saa kumi ya usiku, na nitakujibu kwa Kiswahili cha hapa.