Shajara ya Ukoo wa Ngawa

Wapokezi wa hekaya wanasimulia kwamba katika kisiwa kimoja cha mikarafuu, ambako majahazi huingia na kaskazi na kuondoka na kusi, palikuwa na ukoo wa ngawa uliojaaliwa mali na watoto, usiopungukiwa na kitu ila kimoja: haukuridhika kuwa ngawa. Babu yao mkuu aliitwa Feruzi. Jina hilo halikubishaniwa na yeyote. Kilichobishaniwa ni huyo Feruzi alikuwa nani, kwa kuwa ndani ya kasha la njumu la ukoo mlikuwa na karatasi mbili zisizoafikiana.

Ya kwanza iliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kupigwa muhuri wa kadhi, mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 1314, nayo ilimtaja Feruzi kuwa ni "paka wa", kisha likafuata tundu la mchwa. Ya pili ilitoka katika daftari la serikali, Aprili 1897, kwa mkono wa karani mgeni aliyeandika majina kama masikio yake yalivyoyapokea: "Faruz, ngawa wa kizimbani, umri wapata miaka 30." Wazee wakazitazama tarehe zile, wakaona zimepishana kwa miaka 583, nyoyo zao zikatulia. Basi hawa ni wawili, wakasema. Feruzi wa 1314 ndiye babu yetu, mfalme wa paka aliyevuka bahari na jahazi zake. Huyo wa 1897 ni mnyonge fulani aliyefanana naye jina.

Wakamwita Kasuku, mwandishi wa ukoo, naye akainakili ile karatasi ya kadhi kwenye karatasi mpya, na alipofika penye tundu akaliziba kwa neno "ng'ambo". Nakala ikatiwa fremu na kutundikwa barazani; asili ikarudishwa chini kabisa ya kasha. Ikabaki kuijaza ile miaka 583, kazi ambayo haikumshinda Kasuku, kwani kila alipolipwa alikumbuka kizazi kingine, hata shajara ikawa na vizazi 20 kwa wino wa dhahabu, kila mmoja ana baba, na hakuna hata mmoja mwenye kaburi.

Kuanzia hapo vijana wa ukoo wakawa wanapaka madoa yao chokaa ili manyoya yafanane na ya paka, watoto wakafundishwa kulia nyau kabla ya kujua kutamka majina ya bibi zao, na mposaji akija hupelekwa kwanza mbele ya ile fremu. Akiwa ngawa mtupu asiye na shajara, hurudishwa na kahawa yake haijapoa. Kila mwaka walimsomea hitima yule mfalme wa ng'ambo, wakachinja, wakala, wakaomba dua kwa jina la asiyepata kuzaliwa. Nami nisimuliaye siwezi kuwacheka. Kizimba kilimwachia fedheha aliyefungwa ndani yake, na aliyefunga mlango akaenda zake na heshima kamili. Wazee wale waliirithi fedheha isiyokuwa yao, wakaukimbia hata uso wa babu yao.

Katika ukoo huo alikuwamo kitukuu wa kike aliyependa kusoma maandishi ya kale. Siku moja aliitoa ile karatasi ya asili, akaiweka dirishani penye mwanga, akaona kwamba mchwa hawakulila neno lote. Ng'ambo ya tundu zilisalia herufi mbili, dali na yee. Akaiandika "ng'ambo" kwa herufi za Kiarabu, haikuisha hivyo. Akaiandika "zabadi", ikaisha kwa dali na yee na kulijaza tundu sawasawa. Paka wa zabadi ni ngawa, yule afungwaye na matajiri kwenye kizimba chembamba asimoweza kugeuka, akachokorwa manukato yake kwa kijiko chini ya mkia, mwaka baada ya mwaka, ili mahari ya wenzake yanukie.

Akazisoma tena karatasi zote mbili, safari hii akiwafuata waliomzunguka Feruzi. Zote zilimtaja bwana mmoja, Chui mwenye mashamba, na zote ziliwekewa dole na mashahidi wale wale wawili, Komba mgema na Pimbi mchukuzi. Je, Komba na Pimbi waliishi miaka 583 ili washuhudie mara mbili? Ndipo akakumbuka kwamba kadhi huhesabu kwa mwezi na karani huhesabu kwa jua, kwamba mwaka wa mwezi hupungua siku kama 11 na huanza kuhesabiwa tangu Hijra. Mwaka 1314 ulianza Juni 1896 ukaisha karibu na Juni 1897, na Mfunguo Pili wake ni ule mwezi wa Aprili ambao Sultani Simba alitia muhuri amri ya kuvunja vizimba. Karatasi mbili, Feruzi mmoja, na jambo moja: siku ya kuachiwa kwake.

Akaenda kwa Bibi Kobe, aliyeletwa kisiwani kutoka Shelisheli mwaka 1919. "Shikamoo, bibi. Ulimjua Feruzi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kizimbani sikumwona, nilikuwa sijafika; hayo niliambiwa, nawe uyaandike kuwa niliambiwa. Nilichoona kwa macho yangu ni mzee mwenye mstari shingoni usioota manyoya, mpana kama ugwe." Akampeleka nyuma ya kisima cha Chui, akamwonyesha kaburi.

Ukoo ulipokutana, mjomba alitoa karatasi ya tatu, daftari la mgao, ambamo mtoto wa kumzaa Feruzi kaandikwa paka. Kitukuu hakuikataa. Aliuliza iliandikwa lini na kwa haja gani. Mwaka 1942 mchele wa Burma ulikatika kwa vita, na kilichopatikana baadaye wakapewa jamii ya paka, wanyama wa mwituni wakagaiwa mahindi; baba mwenye vinywa saba nyumbani alisimama mbele ya karani akasema yeye ni paka. Karatasi ile inashuhudia njaa ya watoto wake, na ushahidi huo ni wa kutunzwa. Juu ya asili ya Feruzi haina la kusema.

"Kwa hiyo watutaka tumwache mfalme, tumshike mfungwa?" mzee mkuu akanena.

"Babu, mfalme hana hata jiwe la kuwekea mkono. Feruzi analo kaburi, na hitima zote tulizosoma hazijapata kulitaja."

Hapo Kasuku akaleta suluhu, akasema wawaunganishe: Feruzi awe mfalme wa ng'ambo aliyetekwa akatiwa kizimbani. Wengi waliipenda, kwa kuwa kila upande ungepata kipande chake. Kitukuu akawauliza ni karatasi gani kati ya zote inayosema hivyo, na hapana aliyejibu. Nusu ya ukoo ikaondoka na fremu yake. Nusu iliyobaki iliandika shajara mpya, Feruzi juu, chini yake karatasi tatu zote na sababu ya kuiamini hii na kuiweka kando ile, na juu yake pakaachwa patupu.

Bibi Kobe alipouona utupu ule, alisema mzee Feruzi katika homa yake ya mwisho alikuwa akimwita mama, na akiutaja mto wa bara alikokamatwa, lakini jina la mto bibi mwenyewe alilikumbuka nusu. Kitukuu akaiandika nusu ile kama ilivyo, akakunja karatasi, akashuka bandarini kuulizia chombo kinachokwenda Bagamoyo.