Kila Siku Ni Leo

Nilipochaguliwa mhazini wa kikoba chetu, jambo la kwanza nililofanya ni kudharau daftari. Mama aliyenitangulia, muuza vitenge, alinikabidhi kaunta buku lenye harufu ya mafuta ya taa. Nikalipokea kwa vidole viwili.

"Mama, siku hizi mambo ni Excel."

"Haya baba," akajibu.

Kanuni yetu ni fupi: ukilipa baada ya tarehe 5, faini shilingi 2,000. Nikatengeneza jedwali. Kwenye safu ya tarehe, kila mtu alipoleta mchango, niliandika =TODAY(), tarehe ikajijaza yenyewe. Faini nazo zikajihesabu. Nikajiona mchumi.

Jumapili ya 28 Septemba 2025 nikaazima projekta, nikalitupa jedwali ukutani mbele ya kikao. Wanachama wote 24 walikuwa wamelipa tarehe 28. Faini: shilingi 48,000, pamoja na ya kwangu.

"Mhazini," akasema mwenyekiti taratibu, "mimi nilikuletea tarehe mosi asubuhi. Ulikuwa unapiga mswaki."

"Kompyuta haidanganyi, mzee."

Wallahi sijui nani alinituma kusema vile. Kikao kilivunjika bila hata soda.

Saa saba usiku nikafungua faili nirekebishe. Sasa wote walikuwa wamelipa tarehe 29! Nikagusagusa mpangilio wa seli, tarehe zikageuka 45929. Nikafunga kompyuta, nikaomba dua.

Asubuhi kijana wa steshenari alinicheka kwanza, ndipo akanieleza. Fomula ile haiandiki tarehe. Inauliza leo ni lini, na kila ukifungua faili inauliza upya. Ukitaka tarehe itulie, bonyeza Ctrl pamoja na nukta mkato. Na 45929? Ni hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900. Tena Excel inaamini mwaka ule ulikuwa na 29 Februari, siku ambayo haikuwahi kuwapo. Na mimi ndiye niliyeapa kwamba haidanganyi!

Nilirudi kwa mama wa vitenge kichwa chini. Kumbe hakuwa ameacha kuandika: kila mchango ulikuwa kwenye daftari lake jingine, na tarehe yake. Wanachama 23 wakasamehewa. Mimi nikatozwa 2,000 za uzembe, naye akaziandika kwa kalamu ya wino. Mpaka leo tarehe ile haijabadilika.