Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Tela la Ghorofa Mbili

Kwako Mheshimiwa sana, Mzee wetu, mfadhili wa mbio za magari na mwenye tela la ghorofa mbili lipitalo barabara ya Kilwa,

Shikamoo, Mheshimiwa. Shikamoo ya pili inatoka kwa mama yangu, ambaye hajawahi kukuona lakini dereva wako amekula wali wake. Ya tatu ni ya vijana watatu wa hapa Mbwara, wenzangu katika jambo ninaloliandikia.

Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Nilipiga simu, msaidizi wako akanijibu kwa upole kwamba uko kikaoni. Baada ya wiki nilipiga tena, ulikuwa kikaoni. Mwenye vikao virefu namna hiyo amebeba mzigo mkubwa, na yamkini barua hii nayo haitakufikia. Naiandika hivyo hivyo.

Kwanza shukrani. Ulipotukubalia nafasi moja kwenye tela lako ulisema gari la mbio haliendeshwi kwenda mashindanoni, linabebwa. Ni kweli tupu. Dar es Salaam mpaka Arusha kwenye mashindano, peke yake, ni zaidi ya kilomita 600, na sisi tuko kusini ya Daraja la Mkapa, hata Dar hatujafika. Subaru yetu ina shokapu ngumu na giaboksi ya mbio, si ya kusafiria siku mbili. Ukiiendesha hadi Arusha unafika na matairi yamekwisha, na ikivunjika mbioni huna cha kukurudisha nyumbani. Lakini tela likibeba magari sita, dereva ni mmoja, mafuta ni ya kichwa kimoja, gharama inagawanywa kwa sita. Kwa mkulima wa ufuta, hesabu hiyo ndiyo mlango pekee wa kuingia katika mchezo huu. Tulilipa shilingi 600,000, ufuta wa nyumba nne, na stakabadhi yako nimeihifadhi ndani ya msahafu wa marehemu baba.

Tunakushukuru pia kwa siku ile tela lilipopita Nyamwage, pale tulipolisubiri. Lilisimama, na tela kubwa kama lile halilazimiki kumsimamia kila mtu. Utingo akashuka, akatuonyesha nafasi yetu: ghorofa ya chini, nyuma kabisa, mkono wa kushoto. Palikuwa na friza jeupe, viti vya plastiki vilivyofungwa kwa kamba ya katani, na mbuzi watatu. Alisema ni vya karamu ya ushindi. Mbuzi mmoja, beberu mwenye sikio lililochanika, alifungwa kwenye pete ya chuma ambamo mkanda wa gurudumu letu la mbele ungepita. Niliitazama ile pete mpaka tela likaondoka. Tukageuza gari, tukalisukuma kurudi, maana mafuta tuliyokuwa nayo tulikuwa tumeyapunguza kwa ajili ya safari, kama maelekezo yako yalivyotaka.

Dereva wako simlaumu, tunajuana. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara hii ilipokatika kule Somanga na malori yakakwama, alilala barazani kwetu siku nne. Mama alimpikia wali na kambale asubuhi na jioni. Hatukumtoza, wala hatumtozi leo. Nayataja haya ili Mheshimiwa ujue kwamba Mbwara huwa hapakosekani nafasi.

Labda utauliza watu wa ufuta wanatafuta nini katika mbio za magari. Naomba nikukumbushe, kwa heshima zote, Joginder Singh wa Kenya. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo wengine walikwisha kuitumia kabla yake. Akashinda tena 1974 na 1976. Mchezo huu ulikuzwa Afrika Mashariki na watu wenye mikono ya grisi. Vijana wangu wanayo mikono hiyo. Wanachokosa ni mita tano za chuma chenye magurudumu, na hizo walizilipia.

Sasa ombi, tela litakapopita tena. Fedha hatudai zirudishwe, wala hatuombi friza lako literemshwe. Kwa kuwa nafasi ya gari haipatikani, tunaomba nafasi ya mbuzi. Gari tutalifungua lote. Tumepima kwa kamba: milango itasimama nyuma ya friza, boneti italala juu ya viti, giaboksi itakaa katikati ya mbuzi ikiwa imefungwa gunia, isiwachafue. Injini itaingia ndani ya friza, ikiwa mbuzi bado hawajachinjwa. Bodi hatutaikata, kwa sababu bodi iliyokatwa haipiti ukaguzi wa usalama na inaweza kumuua dereva. Ila ikiwa tupu vijana wanane wanaibeba, kwa hiyo tutaifunika juu ya mbuzi iwe banda lao, wapate kivuli mpaka Arusha. Sisi wenyewe tutapanda basi. Tupe usiku mmoja na taa moja, asubuhi gari litakuwa limesimama kwenye mstari wa kuanzia. Na Mungu akitujalia tukashinda, beberu yule tunamwomba tumnunue, arudi Mbwara akiwa hai.

Tusaidie, Mheshimiwa. Tumekwisha kuanza kufungua: giaboksi iko barazani, pale alipolala dereva wako. Vingine vitakuwa Nyamwage, mkono wa kushoto ukitokea Somanga, kila siku kuanzia adhana ya alfajiri.

Wako mtiifu,
Fundi wa Mbwara