Shangazi wa Kipakatalishi Awajibu Wasomaji wa Kariakoo

Kipakatalishi ni jina lililotokana na kitenzi "kupakata", yaani kumweka mtoto mapajani, na kwa kuwa mtoto wa kupakatwa hakosi homa, mafua na visirani, haishangazi kwamba barua zinazoifikia safu hii kutoka Kariakoo na mitaa ya jirani hueleza maradhi ya kibodi na tachipadi kwa lugha ya mzazi aliyekesha. Kibodi ni bao la vitufe vya herufi, na tachipadi ni kibapa laini kilicho chini yake, ambacho kidole hukipapasa ili kusogeza mshale kwenye skrini bila kutumia kipanya, yaani kile cha mezani, si kile kilichobeba abiria wa Dar es Salaam. Shangazi wa safu hii haagui. Kabla ya kutaja dawa huuliza mambo mawili, ambayo ni vitufe vipi vinaugua pamoja, na ugonjwa hupanda saa ngapi.

Herufi iliyokufa

Karani wa stoo ya vitenge katika Mtaa wa Sikukuu ameeleza kwamba kibodi yake haitoi tena herufi "a", kiasi kwamba anwani ya ofisi husomeka "Krikoo, Dr es Slm", na mteja mmoja wa mkoani akaamini kuwa stoo hiyo ni zahanati ya daktari mgeni. Karani anauliza kama mshindani wake wa kibiashara amepita kwa mganga.

Shangazi anajibu kwamba mshindani hana haja ya kuingia gharama hiyo, kwa sababu lugha yenyewe inatosha kuimaliza herufi. Mpangilio wa vitufe unaotumika leo umetokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874, na walioitengeneza walikuwa na Kiingereza vichwani mwao, ilhali katika Kiswahili "a" hufanya kazi ya punda, ikijitokeza kwenye kiambishi, ndani ya shina na mwishoni mwa kitenzi, hata neno la jikoni kama "anakaanga" humtoza mwandishi "a" tano kabla muhogo haujaiva. Kazi yote hiyo imeachiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho kinyonge kuliko vyote.

Hata hivyo uchakavu si hukumu ya mwisho. Chini ya vitufe hulazwa karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme, nyingine zikienda kwa urefu na nyingine zikizikata kwa upana, na kila kitufe kinapobonyezwa huzikutanisha njia mbili mahali pamoja, ndipo mashine ikajua ni herufi gani iliyoitwa. Kwa hiyo kitufe kimoja kikifa peke yake, mshukiwa wa kwanza ni vumbi, kombo la andazi au kile kikombe kidogo cha mpira kinachorudisha kitufe juu. Lakini vikifa vitufe vinne au vitano kwa mpigo, hata kama vimekaa mbalimbali, basi njia moja imekatika, au utepe unaoiunganisha kibodi na bodi kuu umelegea kwenye kibanio chake, kasoro ambayo mara nyingine huisha kwa fundi kuuchomoa utepe, kuusafisha na kuubana upya.

Karani ameongeza katika mstari wa mwisho kabisa, kama wafanyavyo wagonjwa wenye haya, kwamba wiki iliyotangulia chai ya maziwa ilimwagikia hapohapo, na kwamba mashine ilizikwa siku mbili ndani ya ndoo ya mchele. Mchele huo ungefaa zaidi kwa pilau. Hauna uwezo wa kutoa sukari wala mafuta ya maziwa, ambayo yakikauka hunata kama gundi na kuzila njia za umeme taratibu, ilhali kilichotakiwa dakika ile ni kuchomoa chaja, kuzima mashine kwa kukandamiza kitufe cha kuwashia, kuilaza kifudifudi ili chai irudi ilikotoka, kisha kuipeleka ikafunguliwe na kusafishwa kwa spiriti.

Ikibidi kununua kibodi nyingine, karani atakutana na winga, ambaye katika lugha ya Kariakoo ni mtu asiye na duka lakini anayejua kila duka, na ambaye hulipwa kwa kumfikisha mteja mlangoni. Winga ataapa kwamba kibodi ni "ileile". Si lazima iwe ileile, kwa kuwa mashine za jina moja huweza kuwa na kibodi zinazotofautiana utepe, umbo la kitufe cha kuingiza au mahali pa skrubu. Kinachoaminika ni namba ya kipande iliyobandikwa mgongoni mwa kibodi ya zamani, na namba hiyo husomwa baada ya kuifungua mashine, si kabla. Karani aulize pia kama kibodi imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwenye ganda la juu kwa vishikizo vya plastiki vilivyoyeyushwa, maana katika hali hii ya pili mara nyingi hununuliwa ganda zima, na bei hubadilika pamoja na uso wa muuzaji.

Kilo moja yenye bei ya ajabu

Mhasibu wa duka la nafaka la Gerezani amemwandikia mteja ankara ambayo maneno "kilo moja" yalitokea kama "2536 061a", mteja akakataa kulipa shilingi elfu mbili mia tano thelathini na sita kwa bidhaa asiyoijua. Hapa hakuna kilichoharibika. Kibodi fupi zisizo na upande wa tarakimu huzificha tarakimu hizo ndani ya herufi za mkono wa kulia, na kitufe cha kufungia namba kikiguswa bila kukusudia, "u" huwa 4, "k" huwa 2, na Kariakoo yenyewe huwa "2ar5a266". Kitufe hicho kibonyezwe tena, kwa mashine nyingine pamoja na kile kilichoandikwa "Fn".

Mpenzi aliyegeuka mpenyi

Kijana wa Mtaa wa Kongo alinunua mashine iliyotumika Ujerumani, na sasa kila akiandika "mpenzi" hupata "mpenyi", huku "nyumba" ikiwa "nzumba", jambo lililomletea maswali kutoka kwa mchumba. Wajerumani huweka Z mahali ambapo kibodi ya Kiingereza huweka Y, hivyo stika za vitufe zinasema kimoja na programu inasikia kingine. Achague Kijerumani kwenye mpangilio wa kibodi, au anunue stika za herufi. Kuhusu mchumba, safu hii haina stika.

Tachipadi iliyovimba

Mwalimu wa Ilala anasema tachipadi yake imeinuka, haibonyezeki, na mashine inayumba mezani kama kigoda kibovu. Kwa muda wa mwezi mmoja amekuwa akiilaza Kamusi ya Kiswahili Sanifu juu yake usiku ili inyooke. Kamusi hiyo, tangu ilipotoka mwaka 1981, imesaidia wengi, lakini hapa inahatarisha nyumba. Katika mashine nyingi betri imelazwa chini ya tachipadi, na betri ya lithiamu ikizeeka, hasa kwa joto na kwa kuachwa kwenye chaja mchana na usiku, kemikali zake hutoa gesi inayoitutumua kama andazi. Kuikandamiza au kuitoboa huweza kuwasha moto. Mwalimu azime mashine leo, asiichaji tena, na ampe fundi aitoe betri hiyo; mara nyingi tachipadi hurudi mahali pake yenyewe, kwani haikuwa na kosa.

Mashine inayomwonea haya fundi

Mwenye duka la vipodozi karibu na Mnazi Mmoja ameleta swali gumu kuliko yote. Nyumbani mshale hurukaruka, hufungua mafaili yasiyoitwa na kufuta aya nzima, lakini kila anapoufikisha mzigo kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey mashine hutulia kama bibi harusi, na baada ya safari ya tatu fundi ameanza kumtazama kwa huruma. Anashuku kuwa kuna jini asiyependa nyumba yake.

Tachipadi haipimi uzito wa kidole. Hupima badiliko dogo sana la chaji ya umeme linalotokea kidole kinapokaribia, na kwa hiyo huchanganywa na jasho, mafuta ya chipsi na zaidi ya yote kelele za umeme, yaani mitetemo midogo inayovuja kutoka kwenye chaja wakati inapougeuza umeme wa ukutani. Waya wa ethi, unaoelekea ardhini, ndio hasa huiondoa mitetemo hiyo. Usipokuwepo, mitetemo hubaki kwenye mwili wa mashine na tachipadi huihesabu kama vidole. Dalili yake ni mnyeo mdogo mtu anapopitisha mkono juu ya ganda la chuma.

Soketi za matundu matatu zinazotumika Tanzania zinafuata kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, ambacho pini yake ndefu ya ethi hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mawili mengine. Mwenye chaja ya pini mbili hudanganya vifuniko hivyo kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la ethi, na msomaji amekiri kufanya hivyo kila jioni, tendo la hatari ambalo Shangazi analikataza kabla ya jambo lingine lolote. Kwa fundi, kumbe, mashine ilipimwa kwa betri tu, kwa kuwa chaja iliachwa nyumbani. Safari ya nne msomaji abebe chaja ile, na kalamu pia, fundi avione vyote viwili.