Mkaguzi Asiye na Meno

Shangazi yangu wa Tanga amezoea mengi tangu nihamie Marekani, lakini hili la kujitolea limemshinda. "Unapanda ndege ukakague chuo kikuu, na hawakulipi?" Namwambia nauli wanarudisha, na hoteli wanalipia. "Haya, na wakifeli, wewe ndiye uliyewafelisha?" Hapana, shangazi, uamuzi ni wa bodi. Sisi tunaangalia na kuandika tu. Hapo huguna, kisha anauliza kwa upole kama kazini kwangu wamenipunguza.

Bodi yenyewe ni PAB, ile inayotoa ithibati kwa shahada za mipango miji huku Marekani. Timu huwa ya watu watatu: wahadhiri wawili, na mmoja wa kazini kama mimi ninayeshinda na ramani na malalamiko ya wenye viwanja. Kabla ya safari unaletewa ripoti ambayo idara imejitathmini yenyewe. Sijapata kusoma kitabu chenye watu wema namna ile. Tunakwenda kuona kama wapo kweli.

Na wana sababu ya kujipamba. Mwenye shahada ya uzamili iliyo na ithibati anahitaji miaka 2 tu ya uzoefu ili apate AICP, cheti cha taaluma cha wapanga miji. Aliyesomea fani nyingine kabisa, 4. Ithibati ikiyumba, waombaji wanahamia kwa jirani. Ndiyo maana ukifika unapokewa kama mshenga: kuta zinanuka rangi mbichi, na kila kikao kina sahani ya biskuti zilezile ambazo hakuna anayezigusa, kila mtu akiogopa kuulizwa swali mdomo ukiwa umejaa.

Chuo kimoja kilitupangia hoteli iliyo ng'ambo tu ya barabara. Jengo la idara tulikuwa tunaliona kutoka dirishani. Ila barabara ilikuwa ya njia sita, haina kivuko, haina hata kijia cha miguu. Wapanga miji watatu tukasimama ukingoni na mikoba yetu, tukatazamana, tukarudi mapokezi. Ikabidi kila asubuhi mhadhiri mmoja aje kutuchukua kwa gari, aende nalo mpaka kwenye taa za mbali, ageuze, arudi. Foleni ya hapo ilimpa nafasi ya kutosha kutueleza utafiti wake, unaohusu faida za kutembea. Tulitikisa vichwa kwa adabu. Gari lilikuwa lake.

Kikao ninachokipenda ni cha wanafunzi, ambacho walimu hutolewa nje na pitsa huingizwa ndani. Kwangu mimi, saa hiyo moja inaizidi ripoti nzima. Mwanzoni kila mtu anasifu. Pitsa ikifika katikati, ukweli nao unaanza kutoka. Safari ile binti mmoja alifuta vidole, akasema studio ina soketi moja tu inayofanya kazi, na kompyuta zinachajiwa kwa zamu: anayewasilisha kesho anatangulia, wengine wanangoja usiku. Tukaandika. Hatukumwambia mtu, maana yanayosemwa kwenye vikao vile ni siri.

Kesho yake asubuhi tukapitishwa studio. Sakafu nzima imetandazwa ekstensheni za rangi ya chungwa, nyingine bado zina bei yake, na fundi yuko juu ya ngazi akifungua dari. Mkuu wa idara akaruka waya wa kwanza, akakanyaga wa pili, akatuambia bila kupepesa kwamba umeme haujawahi kuwa tatizo pale. Tukaandika na hilo.

Kikao cha kuaga kilikwenda upesi. Mkuu wa kitivo aliuliza kama wamepita, kiongozi wetu akamjibu kuwa bodi ndiyo itakayosema, akauliza tena kwa njia nyingine, akajibiwa vilevile.

Nikiwa naelekea nje, yule binti wa soketi akanifuata kwenye korido, akatazama nyuma, akanong'ona, "Kumbe mna nguvu hivi! Basi itajeni na ada ya maegesho, sisi wenye magari tunaumia."

Tasnifu yake, alikuwa ametueleza kwenye pitsa, inahusu kupunguza magari mjini.